Ua Lililooza kwa Kupendwa

Lilikuja na mzigo wa magogo. Sisi tunaoishi Geita tunayajua malori hayo: yanabeba matimba, magogo ya kusimamisha ndani ya maduara ya wachimbaji wadogo ili kuta zisiwaangukie. Siku hiyo lori lilipasuka tairi mbele ya kanisa letu. Vijana walipokuwa wakilibadilisha, mama mmoja wa kwaya aliona juu ya gogo fungu la mabua manene ya rangi ya njano, yenye majani machache kwenye ncha, na mizizi myeupe iliyolikumbatia gome. Akaliomba. Wakacheka, wakampa bure, maana kwao lilikuwa takataka.

Mwalimu mmoja wa sekondari, mshiriki mwenzetu, alituambia kwamba ni okidi, ile wanayoiita okidi chui kwa sababu ua lake ni la njano lenye madoa ya kahawia. Huota juu ya miti katika mapori ya Afrika, kuanzia huku kwetu hadi kusini kabisa. Mti wake ulikuwa umekwisha kukatwa, kwa hiyo tukasema Bwana ametuletea yatima. Siku iliyofuata mwalimu akasafiri kwa likizo, nasi tukabaki na mmea wetu.

Tuliutendea mema yote tuliyoyajua. Tuliupanda katika ndoo, tukaijaza udongo mweusi wa mbugani, tukachanganya samadi ya ng'ombe. Tuliuweka ofisini kwa mchungaji dirishani, tukabandika ukutani orodha ya zamu, kila mtu na siku yake ya kumwagilia asubuhi na jioni. Aliyesahau zamu yake alisemwa. Baada ya wiki tano majani yakawa ya manjano, mabua yakalegea, na ofisi ikaanza kunuka. Tukaongeza maji. Mzee mmoja wa kanisa akashauri tuutupe, akisema ni kupe tu wa miti. (Si kweli. Okidi hukaa juu ya mti bila kuunyonya, kama mtoto anayebebwa mgongoni bila kunyonya.)

Mwalimu aliporudi aliung'oa mbele yetu. Mizizi ilikuwa imegeuka kahawia, laini, tupu ndani kama mrija. Akasema, "Ndugu zangu, mmeuzamisha." Kisha akatueleza kwamba mmea huu haukuumbwa kwa udongo. Mizizi yake ina koti jeupe linalofyonza maji ya mvua kwa haraka, kisha lazima ikaukie hewani. Mingine, myembamba kama sindano, husimama ikielekea juu na kukamata majani yanayodondoka kutoka mtini. Majani hayo yakioza, ndiyo chakula chake. Unaishi kwa kile kinachoanguka, na samadi yetu ilikuwa nzito mno kwake.

Tulipitisha kisu motoni, tukakata kila kilichooza, tukapaka unga wa mkaa kwenye majeraha. Mkaa ule ule unaomaliza pori lake! Tukauacha kivulini siku tatu ukauke, kisha tukaufunga kwa kamba ya katani juu ya kipande cha mninga na kuutundika barazani. Zamu za kumwagilia zikafutwa. Maji kidogo asubuhi, tena pale tu mizizi ilipokuwa imekauka kabisa. Siku nyingine zote kazi ilikuwa kuutazama tu, na tunakiri kwamba kutazama kulitushinda kuliko kubeba ndoo. Mara mbili mama wa kwaya alikutwa akiwa na kikombe.

Alhamisi moja katika kipindi cha Biblia tulifika Luka 13, mfano wa mtini usiozaa. Mwenye shamba anataka ukatwe. Mtunza mizabibu anaomba mwaka mmoja zaidi, ili aupalilie kuuzunguka na kuutilia samadi. Mmoja wetu akasema kwa uchungu, "Basi sisi tulifanya kama Injili ilivyosema, mbona tuliharibu?" Tulicheka, lakini swali halikuondoka. Je, tulipokuwa tukiuozesha mmea ule, tulikuwa tunaupenda? Upendo usiomjua anayependwa, je, ni upendo?

Mzee yule wa kanisa alijibu kwamba Mungu hutazama moyo. Nia yetu ilikuwa njema, na mbele zake hilo latosha. Bibi mmoja ambaye sote tunamwita Mayu alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Mzee wangu, nia yako ataiona Mungu. Lakini mmea hauli nia." Hatukupata la kumjibu. Tulirudi kwenye mfano, tukaona jambo tulilolipita siku zote: mtunza mizabibu hakuwa mgeni shambani. Alikuwa na ule mtini miaka yote mitatu ambayo mwenye shamba anasema amekuja kutafuta matunda. Aliomba samadi kwa sababu alijua ni mtini. Angekuwa na okidi, angeomba kamba na kivuli.

Tungependa kuishia hapo, lakini hapo ndipo mama mmoja alipoanza kulia, na sote tulijua kwa nini.

Mwanawe alikuwa amerudi kutoka machimboni mwaka uliotangulia. Duara lilikuwa limewafukia wenzake wawili, yeye akatolewa hai. Alirudi nyumbani haongei, anakaa chini ya mwembe tangu asubuhi. Nasi tukaenda. Ee, tulikwenda! Kila jumuiya na siku yake, watu ishirini kwa mara moja, nyimbo, maombi ya sauti kubwa, mawaidha juu ya shukrani. Jumapili ya tatu tulimsimamisha madhabahuni atoe ushuhuda jinsi Bwana alivyomwokoa. Alisimama akitetemeka, akasema maneno mawili, akakaa. Sisi tukapiga vigelegele. Mwezi uliofuata tukampa uongozi wa vijana ili awe na shughuli. Mwezi wa tatu aliondoka usiku, akarudi machimboni, na tukasema miongoni mwetu kwamba ana moyo mgumu.

Mtu si ua, na hatutaki kumfanya kijana yule kuwa mfano wa mahubiri. Lakini zamu zile za kumtembelea na zamu zile za ndoo ziliandikwa na mkono mmoja. Hakuna aliyemuuliza anaishi kwa nini. Tulikwenda na tulichokuwa nacho, kwa sababu kutoa kulitupa raha sisi.

Mwingine atasema: kwa hiyo tuwaache watu? Kuhani na Mlawi nao walimwacha yule mtu njiani, wakapita upande mwingine. Hoja hiyo ni nzito, na ilitusumbua wiki kadhaa, mpaka Mayu alipotukumbusha ngitili.

Wengi wetu tulihamia Geita kutoka Shinyanga. Wazazi wetu waliikuta nchi ile imekatwa miti kwa miongo mingi, kwanza ili kuwaondoa mbung'o, kisha kwa pamba na kuni, hata ikaitwa jangwa. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Palikuwa na vitalu na miche, lakini kilichorudisha kijani zaidi ni desturi ya Wasukuma wenyewe: kufunga sehemu ya malisho mvua zinapoanza, ili kiangazi kikija ndama na maksai wapate majani. Humo visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua vyenyewe, kwa maana mizizi ilikuwa hai chini. Ngitili zilizobaki mwaka 1986 zilihesabiwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ngitili huachwa, lakini haitelekezwi. Ina mipaka inayojulikana. Dagashida huketi kuweka sheria zake, sungusungu huilinda, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hulipa faini. Watu wanazuia mikono yao wenyewe na ya jirani zao, tena katika miezi ambayo ng'ombe wao wanaziona zile nyasi na kulia. Mlawi hakulinda chochote. Alipita tu.

Mayu alisema kijana yule alihitaji ngitili nasi tukampa mnada.

Alirudi tena wakati wa kuvuna mpunga, amekonda, anakohoa. Safari hii mama yake alituomba tusije wote. Tulikubaliana aende mmoja, fundi baiskeli asiye na maneno mengi, ambaye naye aliwahi kufanya kazi duarani. Anakwenda jioni, wanabangua karanga. Alimpeleka hospitali kupimwa kifua, nasi tukalipa nauli bila kutangaza kanisani. Wengine wetu kazi yetu ni kumzuia kila anayetaka kwenda kumwombea kwa sauti, na si kazi nyepesi. Kanisani hajafika. Zamani tungekuwa tumemfuata.

Okidi ina chipukizi moja lililotoka kando ya bua lililokauka, na mizizi mitatu mipya imeshika mninga. Haijatoa ua. Mwalimu anasema labda mwakani, labda baadaye. Asubuhi hii mizizi ilikuwa myeupe, kavu, kwa hiyo ni siku ya maji.