Kampuni Inaweza Kuungama?

Nafundisha katekisimu hapa Busisi, na kila tukifika kwenye Sakramenti ya Kitubio vijana huleta maswali yasiyomo kitabuni. Mmoja wao, ambaye kaka zake wamepita migodi ya Geita na Mwadui, aliniuliza: "Mwalimu, na kampuni nayo inaungama?" Wenzake walicheka. Mimi naona ni swali la imani kabisa, na linatuhusu sisi watu wa kanda hii ya migodi.

Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyomiliki sehemu kubwa ya mgodi wa Mwadui huko Shinyanga, ilimaliza nje ya mahakama madai yaliyopelekwa Uingereza na watu 71. Walidai kwamba walinzi wa mgodi walipiga watu, waliwajeruhi kwa risasi, na wengine walikufa. Zilitolewa pauni milioni 4.3, zikiwemo fidia, gharama za mawakili na miradi ya vijiji. Kampuni ilisikitika, ikakubali kwamba vifo na mateso yalitokea. Lakini wajibu wa kisheria haikuukubali.

Kampuni kubwa hujiandaa mapema kwa siku kama hiyo. Taarifa kwa waandishi wa habari huandikwa kesi ikiwa bado haijasikika, msemaji huteuliwa mmoja, maswali magumu hufanyiwa mazoezi. Wakili hupitia kila sentensi, maana neno moja la kukiri linaweza kuwafungulia mlango wadai wengine, na kampuni nyingi za bima zinakataza kukiri bila ridhaa yao. Nayaelewa hayo. Aliyeshtakiwa ana haki ya kujitetea, na si kila dai ni la kweli.

Wapo wanaosema kampuni haina roho, kwa hiyo toba tusiidai kwake. Sikubali. Ina jina, na jina hilo inalilinda kwa fedha nyingi na kwa watu wenye akili. Kinywa kinachoweza kusema "tunajivunia" kinaweza pia kusema "tulikosa". Hata jina likibadilika, deni hubaki. Kampuni ya dhahabu ya African Barrick Gold ilijiita Acacia mwaka 2014, na ni Acacia iliyomaliza, Februari 2015, kesi ya London ya wanavijiji wa jirani na mgodi wa North Mara.

Katika Kitubio tunafundisha majuto, maungamo, malipizi. Jirani yangu Mwislamu ananiambia kwao pia haki ya mja haifutwi kwa istighfari, yaani kumwomba Mungu msamaha, peke yake; mwenyewe arudishiwe, au asamehe. Katika Injili, Zakayo aliahidi kurudisha mara nne alichodhulumu, tena akasimama akasema wazi, huku watu wakimnung'unikia.

Huko kusema wazi ndiko ninakokupigania. Kijana aliyepigwa risasi mgodini, kijijini ataitwa mwizi. Akilipwa, majirani watauliza hela kazitoa wapi. Fidia itamnunulia ng'ombe na kumlipia hospitali. Hilo jina la mwizi atalivuliwa tu na neno la aliyemuumiza. Ndiyo maana malipizi bila maungamo yananiuma: yule maskini anaendelea kuubeba uongo peke yake.

Ningemwomba mwandishi wa taarifa za kampuni aende kwanza Shinyanga, aketi na mama wa marehemu, amsomee rasimu yake kwa Kisukuma, neno kwa neno, kabla haijapelekwa kwenye soko la hisa la London.