Kununua Hewa Kariakoo

Mtu auzapo shamba la urithi, akachukua thamani yake akanunua kwayo vyumba viwili na sebule katika ghorofa ya nne ya jengo la Kariakoo, jamaa zake humhukumu kwa kauli moja: amenunua hewa. Hukumu hiyo hutolewa kwa mzaha, walakini ndani yake mna suala ambalo wanavyuoni walilishughulikia karne nyingi kabla Dar es Salaam haijawa mji, nalo ni kwamba, je, mwanadamu aweza kuimiliki nafasi iliyo juu ya nafasi ya mwenziwe, isiyo na udongo wala msingi wake yenyewe, ambayo lau kilicho chini yake kingeondoka isingebaki hata alama ya kuonyesha kuwa palikuwa na nyumba?

Mafakihi wa madhehebu ya Hanafi walikuwa wakali katika jambo hili. Walisema ya kwamba nyumba ya chini ikiwa ni ya Zaidi na ya juu ni ya Amri, kisha zote mbili zikaanguka, Amri hana tena cha kuuza, kwa kuwa haki ya kukaa juu si mali. Wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi katika pwani yetu, waliona vingine. Imamu Nawawi katika Minhaj yake aeleza kwamba haki ya kujenga juu ya jengo la mwingine yaweza kuuzwa, na kwamba mkataba huo umechanganya mauzo na ijara, yaani upangishaji, kwa pamoja, na mnunuzi akiisha kujenga, mwenye ukuta hana ruhusa kabisa ya kumbomolea.

Mauzo yaliyochanganyika na ijara: nakiri kwamba sijaona sifa iliyo sahihi kuliko hii, wala si kwa fleti peke yake. Hata shemeji anayemcheka mnunuzi wa fleti, mwenye kiwanja chake Kibaha kilichozungushiwa ukuta na kupandwa miembe, naye ni mpangaji asiyejitambua. Hati za kumiliki ardhi milele zilikomeshwa Tanganyika mwaka 1963, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema bayana kwamba ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake kwa niaba ya raia, na kwamba haki ya kuikalia hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99. Mcha Mungu hakuhitaji kungoja Bunge limfundishe hayo, maana amekuwa akisoma tangu chuoni kwamba mbingu na ardhi zina Mwenyewe. Lakini ukuta na lango la chuma vina nguvu ya ajabu ya kumsahaulisha mtu aliyoyasoma, hata akadhani kuwa pale ndani hapana mshirika wala mdai. Fleti haina uwezo wa kumghuri mwenyewe namna hiyo. Dari yake ni sakafu ya mtu, na sakafu yake ni dari ya mtu.

Ingia siku yoyote asubuhi katika moja ya majengo yaliyo baina ya mtaa wa Kongo na Msimbazi. Ngazini marobota ya nguo yamepangwa mpaka yamebakisha upana wa bega moja, kwa sababu fleti mbili za ghorofa ya pili zimegeuzwa stoo; wapagazi wanateremka wakipiga kelele za kuomba njia, na mama wa ghorofa ya tano anapanda ubavu-ubavu na ndoo ya maji, maana pampu imekufa na mchango wa kuitengeneza haujatimia. Wenye fleti za chini wasema maji ya bomba wanayapata bila ya pampu, basi walipie nini? Kwa hesabu za dukani hoja yao ni safi kabisa. Lakini sheria ya mwaka 2008 ya kumiliki sehemu za jengo yampa kila mnunuzi, fauka ya vyumba vyake, fungu lisilogawanyika katika vitu vya shirika, na kumtia katika jumuiya ya wamiliki, atake asitake. Ngazi na paa ni vyake na vya wenziwe, wala hawezi kukata kipande chake akakiuza kando. Kwa hakika mtu huyu alinunua majirani, na vyumba akapewa pamoja nao.

Katika hadithi iliyopokewa na Nuuman bin Bashir, watu walipiga kura chomboni, wengine wakapata juu, wengine chini. Wa chini, wakichelea kuwaudhi wa juu kila waendapo kuteka maji, wakaazimia kutoboa tundu katika fungu lao. Aghalabu wahubiri huwafanya watu hao waovu, ilhali nia yao ilikuwa njema na hoja yao ilikuwa ni hoja ya milki: hapa ni petu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo, watu zaidi ya 20 wakafa, na habari za siku zile zilitaja kazi ya kuchimba ili kupanua nafasi ya biashara chini yake. Sina mamlaka ya kumhukumu yeyote. Nasema tu kwamba tangu siku hiyo hadithi ile haisomeki tena kama fumbo.

Basi, je, jirani asiyetaka kuchangia alazimishwe? Kauli mpya ya Imamu Shafii, iliyotegemewa na Nawawi, ni kwamba mshirika hamlazimishi mwenziwe kutengeneza mali ya shirika, na kauli hiyo yafaa pale penye washirika wawili wanaojuana na kuoneana haya. Kwa jengo lenye wamiliki arobaini wasiojuana hata kwa majina, mimi naelemea kauli yake ya kale, aliyoiacha baada ya kwenda Misri, kwamba hulazimishwa. Nayo sheria ya 2008, inayoipa jumuiya uwezo wa kutoza michango, imeelekea upande huohuo. Ila ni wajibu kumpambanua mkaidi na asiye na uwezo. Mwenye stoo ya marobota adaiwe hata barazani. Ama mjane aliyeachiwa fleti na mumewe bila ya kuachiwa kipato, pampu itengenezwe kwa fedha za wenziwe, deni liandikwe juu ya fleti bila ya kuongezwa riba, na lilipwe siku itakapouzwa au kurithiwa.