Kifo Kisicho na Kamera

Je, kifo cha polepole kina uzito mdogo kuliko kifo cha ghafla? Muulize mtu yeyote, atakujibu hapana, kifo ni kifo. Lakini ukitazama tunavyotawaliwa, na tunavyokubali kutawaliwa, utaona jibu letu halisi ni ndiyo.

Tarehe 3 Desemba 2023, mvua ilishusha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang mpaka mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia alikuwa Dubai kwenye mkutano wa tabianchi, akakatisha safari. Wanajeshi walikuja, mawaziri walikuja, serikali ikabeba gharama za mazishi na matibabu, baadaye nyumba zikajengwa. Yote hayo yalistahili, sina neno.

Sasa weka hesabu nyingine pembeni. Kwa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, saratani ya mlango wa kizazi huua zaidi ya wanawake 6,000 Tanzania kila mwaka. Piga hesabu mwenyewe: ni Katesh moja kila baada ya siku tano hivi. Na hakuna safari inayokatishwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii ni saratani inayozuilika. Husababishwa na virusi vya HPV, na chanjo ipo: ilianza kutolewa nchi nzima 2018, na tangu 2024 msichana wa miaka 9 hadi 14 anahitaji dozi moja tu. Kwa mtu mzima, muuguzi aliyefundishwa hupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama panageuka peupe. Dalili za awali zinaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Siki, jamani!

Akichelewa, habari inabadilika. Mbulu ina bahati ya kuwa na Hospitali ya Haydom, iliyoanzishwa na Walutheri wa Norway miaka ya 1950. Lakini tiba ya mionzi iko miji ya mbali, kama Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Nauli, malazi, mtu wa kumsindikiza, wiki kadhaa nje ya shamba. Ng'ombe wanauzwa mmoja mmoja mpaka zizi linabaki wazi.

Mwanasiasa ana utetezi wake, na si wa kijinga. Bajeti ni ndogo. Barabara nayo inabeba wagonjwa. Tena utepe unakatwa kwenye daraja. Huwezi kukata utepe kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuugua. Kinga ikifanikiwa, haina picha wala mtu wa kushukuru, maana aliyeokolewa mwenyewe hajui kama aliokolewa.

Ila hapo ndipo maadili ya uongozi yanapopimwa. Kumwokoa mtu anayelia mbele yako ni ubinadamu wa kawaida. Hata mpita njia ataruka mtaroni. Kiongozi tunamlipa ili amwone yule asiyelia bado. Akisubiri kilio, basi hatofautiani na mpita njia, isipokuwa kwa gari.

Wapenzi wa Shaaban Robert mnawakumbuka wajumbe wa *Kusadikika*, waliotumwa pande zote, wakarudi na habari za faida, wakatupwa gerezani. Sisi hatuwafungi wajumbe. Madaktari wanaleta takwimu, tunawapigia makofi, kisha kwenye mkutano wa kampeni tunauliza kuhusu lami. Mwanasiasa anasikia kile tunachouliza, naye anajibu hichohicho.

Kwa hiyo deni si lake peke yake. Mgombea akija Katesh, Dongobesh au Haydom, aulizwe kwa sauti, mbele ya watu: wasichana wangapi wa kata hii wamechanjwa? Zahanati ipi inapima, siku gani? Mgonjwa wa mionzi atafikaje Mwanza? Na aulizwe na wanaume pia, maana kilio hiki tumewaachia akina mama kwa muda mrefu mno.