Yaakub Alilia: Imani na Maradhi ya Nafsi Vyuoni Garissa

Mwanafunzi akiacha kula, akakosa usingizi siku nenda siku rudi na kuanza kuwakimbia wenzake, swali la kwanza atakaloulizwa Garissa mara nyingi ni kama anaswali. Akiwa Mkristo, ataulizwa kama anaomba. Anayeuliza huwa na nia njema, na sala ni jambo jema kwa kila hali. Lakini swali hilo lina hukumu ndani yake: kwamba aliye sawa na Mola wake hapatwi na haya, kwa hiyo aliyepatwa ana kasoro ya imani. Hukumu hiyo ndiyo inayomnyamazisha kijana mpaka mambo yanaharibika, na ndiyo ninayoipinga. Naipinga kwa hoja za dini yenyewe, kwa sababu katika kaunti ambako karibu kila mwenyeji ni Mwislamu, na katika chuo ambako Wakristo waliotoka kaunti nyingine wanashikilia imani yao mbali na nyumbani, hoja inayoiweka dini kando haitamfikia anayehitaji kufikiwa.

Kwamba imani na kuvunjika vinaweza kukaa pamoja, Garissa ililijua kwa gharama kubwa. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kuelekea Pasaka, wauaji wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa wakaua watu 148, na 142 kati yao walikuwa wanafunzi. Walionusurika walisimulia jinsi Wakristo walivyotengwa na Waislamu kabla ya kupigwa risasi. Siku mbili baadaye msichana mmoja alitolewa akiwa hai kutoka kabatini alikojificha chini ya nguo. Waokoaji walipomfikia alikataa kutoka, akidhani ni wauaji wamerudi, hadi alipoletwa mwalimu wake kumhakikishia. Alieleza kwamba humo kabatini alikuwa akimwomba Mungu. Tumtazame vizuri msichana huyu. Imani ilikuwamo, na hofu iliyomfanya asiamini hata sauti ya mwokozi ilikuwamo, zote mbili katika kifua kimoja na kwa saa zilezile. Nani atathubutu kusema kwamba hofu ile ilikuwa ushahidi dhidi ya sala zake? Na kama hathubutu kusema hivyo juu yake, kwa nini aseme juu ya mwanafunzi wa leo ambaye hakutishwa kwa bunduki, bali amelemewa na ukame uliomaliza mifugo ya baba yake, karo isiyolipika, au msiba asiojua hata chanzo chake?

Vitabu vyenyewe havimfichi mja wa Mungu aliyevunjika moyo. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf hadi macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na sura hiyohiyo inayosimulia machozi yake inamsifu kwa elimu aliyopewa na Mola wake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alimlilia mwanawe Ibrahim mbele ya masahaba, na walipostaajabu akawafahamisha kwamba machozi yale ni rehema. Nabii Eliya naye, muda mfupi tu baada ya ushindi wake mlimani Karmeli, aliketi chini ya mretemu jangwani akaomba afe. Malaika aliyemjia hakumkemea wala hakumhubiria. Alimwekea mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena, maana safari iliyo mbele yake ilikuwa ndefu. Fiqhi ya Kiislamu inakwenda mbali zaidi inapofundisha kwamba aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi mpaka akili imrudie. Ikiwa Mungu amemwondolea dhima, mwanadamu amepata wapi mamlaka ya kumtwisha?

Najua msomaji aliyesoma atanijibu papo hapo: Yaakub alisema kwamba huzuni yake anamshitakia Mwenyezi Mungu peke yake, basi mshauri nasaha wa chuoni anaingia wapi? Ni pingamizi zito, na jibu lake limo katika kisa chenyewe. Maneno yale Yaakub aliwaambia wanawe waliokuwa wakimlaumu kwa kutoacha kumkumbuka Yusuf, wanawe walewale waliomtumbukiza ndugu yao kisimani. Alikuwa akikataa lawama yao, na huzuni yake hakuwa ameificha, kwani nyumba nzima iliiona. Isitoshe, baada tu ya kumshitakia Mola aliwatuma haohao waende wakamtafute Yusuf na nduguye, wasikate tamaa. Kumtegemea Mungu na kuinuka kutafuta njia vilikuwa kitendo kimoja. Ndivyo pia Mtume alivyomwelekeza mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru huku akimtegemea Mungu: amfunge kwanza, kisha ategemee. Katika nchi ya wafugaji wa ngamia sidhani kama fundisho hilo linahitaji ufafanuzi.

Wapo wanaosema kwamba wazee wetu walivumilia makubwa kuliko haya bila mshauri wala daktari, na kwamba vijana wa siku hizi wanadekezwa. Ni kweli, Kaskazini Mashariki imepitia mengi: kijiji cha Bulla Karatasi kilichomwa mjini Garissa mwaka 1980, na Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, wakauawa na vikosi vya serikali. Lakini mwaka 2011, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipofungua vikao vyake vya hadhara huku, watu waliokuwa wamenyamaza kwa zaidi ya robo karne walisimama wakasema. Basi ukimya wao haukuwa uthibitisho kwamba jeraha limepona. Hapakuwa na aliyewauliza. Subira waliyokuwa nayo ni ya kuheshimiwa, ila kuwadai wajukuu wao ukimya uleule ni kuigeuza dhuluma waliyotendewa kuwa desturi.

Wapo pia wanaosema mgonjwa kama huyu ameingiwa na jini. Kuhusu jini sina haja ya kubishana, maana Mwislamu anaamini kuwako kwa majini. Ninachokataa ni haraka ya kumpachika kila mgonjwa jini, na zaidi nakataa kufungwa kamba na kupigwa kwa jina la matibabu. Mgonjwa na asomewe Qurani, na kesho yake apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti. Hakuna aya inayozuia hilo, na Mtume alifundisha kwamba kila maradhi Mungu aliyoyateremsha ameyateremshia dawa. Tena wanaosema elimu ya nafsi ni mzigo ulioletwa na Wazungu wamesahau historia yao. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, na hospitali kubwa ya Sultani Qalawun, Cairo, iliyojengwa katika karne ya 13, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili.

Ukaribu wa watu wa mji wenyewe ndio pingamizi ninalolikubali kwa sehemu kubwa. Katika jamii ya koo, ambako posa hutanguliwa na kuuliza habari za familia, binti akionekana anaingia ofisi ya ushauri nasaha anaweza kuharibu, kwa mujibu wa minong'ono, bahati yake na ya dada zake. Hofu hiyo ina msingi. Kwa hiyo kosa si la wanafunzi peke yao wakiikwepa ofisi iliyo katika ujia uleule wanakosubiri wenye kesi za nidhamu, yenye mshauri mmoja asiyejua Kisomali na asiyejua muda wa swala. Siri ya mgonjwa ni amana, na kuvunja amana katika Uislamu ni miongoni mwa alama za unafiki. Chuo kikiichukulia siri hiyo kwa uzito huo, vijana watakuja. Kwa asiyeweza kuonekana kabisa, simu ya Msalaba Mwekundu, nambari 1199, haitozwi chochote.

Sheria ya Kenya imeanza kusogea kabla ya mimbari. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa mwaka 2022, na Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Dini zote mbili zinaharamisha kitendo hicho, nami sizipingi; lakini kuharamisha kitendo hakujapata kuwa ruhusa ya kumtupa mgonjwa. Maimamu wa Garissa wana mimbari kila Ijumaa, na makasisi wana yao kila Jumapili. Naomba kila muhula hotuba moja tu imtaje Yaakub au Eliya, na kabla ya dua ya mwisho msemaji awaambie wanafunzi ofisi ya ushauri iko wapi na inafunguliwa saa ngapi.