Kanuni Yenye Msomaji Mmoja

Mzazi wa Kamsamba, wilayani Momba, anayefungua matokeo ya Baraza la Mitihani kwenye simu hatumiwi picha ya jedwali. Anatumiwa maandishi ya HTML, na injini iliyomo ndani ya kivinjari ndiyo inayoamua mstari ukae wapi na safu iwe pana kiasi gani. Akitumia Opera Mini ili bando lisiishe, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na mitambo ya Opera, mbali kabisa na Momba. Basi kanuni ya HTML imo katika maandishi yake, au imo mikononi mwa anayeyafasiri? Nashika kwamba kanuni huwatawala wasomaji wake, yaani injini zinazoifasiri, pale tu wanapokuwa zaidi ya mmoja. Mwaka 2010 W3C, chombo kinachoandika viwango vya wavuti tangu 1994, kiliacha kuendeleza Web SQL Database, kanuni ya hifadhidata ndani ya kivinjari. Watumiaji walikuwepo, lakini vivinjari vyote vilivyoipokea vilitegemea programu moja, SQLite. Kama SQLite ingekosea, ingepimwa kwa kipi? Gecko ya Firefox inapopanga ukurasa tofauti na Blink ya Chrome, ndipo watu hurudi kwenye maandishi kuuliza nani amepotoka.

Mpinzani atasema mkulima wa ufuta kule Momba hana haja na mabishano haya: ibaki injini moja, tovuti ijaribiwe mara moja, gharama zipungue. Tunaelekea huko, kwa kweli. Opera ilianza kuiacha injini yake ya Presto mwaka 2013, na mwaka 2020 Microsoft ikakihamishia kivinjari chake cha Edge kwenye Chromium, msingi uleule wa Chrome. Ila umoja wa namna hiyo tulishauonja. Internet Explorer 6 ilitoka 2001, ikatawala, na toleo lililofuata likaja 2006. Katika kipindi hicho tovuti nyingi ziliandikwa kufuata makosa yake, na mwenye kivinjari kingine ndiye aliyeonekana mkosaji.

Pingamizi zito zaidi ni HTML5 yenyewe, kwani waandishi wake walitazama jinsi vivinjari vinavyoushughulikia ukurasa uliokosewa, kisha wakaandika hivyo hivyo. Je, hayo si maandishi yaliyomfuata msomaji? Yaliwafuata wasomaji, kwa wingi, tena pale walipotofautiana ilibidi mmoja akubali kubadilika. Maandishi yalipokwisha kukubaliwa, kila injini, hata ile iliyoigwa, ikawa na kitu cha kuihukumu.