Kaka, Mbona Hapa Mimi Simo?

Mwakirunge usiku, upepo ukigeuka, unajua dampo liko upande gani bila kuuliza mtu. Nilikuwa nimefunga dirisha, laptopu mapajani, nasubiri seva imalize kazi. Programu yenyewe ndogo tu, ya chama cha akina mama: inahesabu michango, mikopo na riba. Kesho yake asubuhi nilitakiwa kuikabidhi. Kwangu ilikuwa inafanya kazi vizuri. Kwa seva ikagoma. Nyekundu. Nikajaribu tena. Nyekundu.

Wasiofanya kazi hii niwaeleze kidogo. Msimbo wa programu huwekwa kwenye ripozitori, yaani folda yenye kumbukumbu: kila badiliko limeandikwa nani kalifanya, lini, na kwa nini. Kumbukumbu hiyo hukaa ndani ya folda ndogo iliyofichwa, inaitwa .git. Ukituma msimbo wako, mfumo wa ujenzi hufungua mashine mpya isiyo na kitu, huivuta ripozitori, huijenga programu tangu mwanzo, huijaribu, halafu hukwambia imesimama au imeanguka. Mashine ile haina mazoea na wewe. Ni mgeni. Na wahenga walishasema, mgeni njoo mwenyeji apone.

Ugonjwa wangu ulikuwa huu. Hesabu za riba sikuziandika mimi. Aliziandika binti wa shangazi yangu, mwanafunzi wa chuo, kwenye ripozitori yake. Nilimwomba, akaniambia, "Chukua tu, kaka." Nikainakili folda yake nzima, nikaitia ndani ya yangu. Sasa, Git ikikuta ripozitori ndani ya ripozitori, haiimezi. Inatoa onyo, ambalo mimi sikulisoma, kisha badala ya mafaili yaliyomo inaandika namba moja ndefu ya herufi na tarakimu 40, kama kusema: hapa pana kazi ya mtu mwingine, jinsi ilivyokuwa siku fulani. Basi. Kwenye laptopu yangu folda ilikuwa imejaa. Mgeni alipofika, akakuta chumba kitupu.

Saa saba usiku nikapata dawa. Ingia kwenye folda yake, futa .git yake, ongeza mafaili upya kama yako. Amri mbili tatu. Seva ikajenga, ikawa kijani, nikalala. Asubuhi nikakabidhi kazi, nikalipwa, na yeye nikamtumia chake kwa M-Pesa.

Miezi kadhaa baadaye akaenda kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Waliomhoji walitaka kuona kazi yake ambayo watu wanaitumia kweli. Akawapa kiungo cha ile programu. Wakafungua historia. Mistari yote ya riba, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, ilikuwa na jina moja, langu, na tarehe moja, ya usiku ule. Ripozitori yake ilikuwepo bado, lakini hiyo ikazaa swali baya zaidi: kati ya hawa wawili, nani kanakili kwa nani?

Alinipigia jioni. Hakugomba. Aliuliza tu, "Kaka, mbona hapa mimi simo?"

Majibu nilikuwa nayo. Ruhusa ulinipa. Hakuna mstari niliobadilisha. Nilikulipa. Wale akina mama wanataka riba yao itoke sawa, hawana haja na jina la mwandishi. Nani anayekula mkate akauliza ngano kailima nani? Kila jibu lilikuwa la kweli, na yote pamoja hayakutosha.

Nimelifikiria sana, na sasa naona hivi: kumruhusu mtu atumie kitu chako si kumruhusu akusahaulishe. Git yenyewe inajua hilo. Linus Torvalds alianza kuiandika Aprili 2005 kwa ajili ya Linux, ambako mtu mmoja huandika badiliko, akalituma kwa barua pepe, na mwingine akalipokea na kuliingiza. Ndiyo maana kila badiliko lina nafasi mbili za jina: aliyeandika na aliyeingiza. Hata Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaziweka programu za kompyuta katika kazi za fasihi, pamoja na riwaya na mashairi, na inatenganisha haki ya mtunzi kupata pesa na haki yake ya kutambuliwa. Mimi nilikuwa nimelipa deni moja, nikadhani nimemaliza.

Hapa kwetu kitu kikifika dampo kinapoteza mwenyewe. Chupa ya Nyali na chupa ya Majengo zinakuwa plastiki tu, zinapimwa kwa kilo. Kwa chupa, sawa. Nilichofanya usiku ule ni kuipeleka kazi ya mtu dampo, kisha nikaiokota kama yangu.

Lakini Mombasa hiihii ina mfano mwingine: nyumba bila ardhi. Nyumba yako, ardhi ya mwenzio, na kodi ya ardhi unalipa. Wawili wana haki mahali pamoja, na kila mmoja anajulikana. Kwenye Git njia hiyo ipo, inaitwa submoduli. Unaandika wazi kwamba folda hii ni ya ripozitori ile, anwani yake hii, na mfumo wa ujenzi unauagiza ushuke mpaka ndani, maana usipouagiza unaishia mlangoni.

Nani atasema nyumba bila ardhi ni raha, lakini? Mwenye ardhi akiuza, tingatinga linaweza kufika asubuhi. Machi 2016, Azer Koçulu aliondoa programu zake npm baada ya mgogoro wa jina. Mojawapo, left-pad, ilikuwa na mistari 11 tu, na kazi za ujenzi zikaanguka duniani kote, kwa watu ambao wengi wao hawakujua kwamba wanamtegemea. Kumheshimu mtu kwa kuegemea kwake ni kukubali kwamba siku moja anaweza kuondoka.

Kuna swali jingine lililonisumbua. Hesabu zake na yeye zimeegemea maktaba ya watu wengine, nao wameegemea wengine. Utashuka mpaka wapi? Siwezi kuwataja wote, na sidhani kama nadaiwa hilo. Ninachodaiwa ni kidogo zaidi: nilipokuta jina limeandikwa, nisilifute. Saa saba usiku, kazi ikidaiwa asubuhi, hicho kidogo kilinishinda.

Nilitengeneza. Folda niliyoimeza nikaitoa, nikaingiza kazi yake upya pamoja na historia yake yote, mafaili na kumbukumbu kwa pamoja, ili hata akifunga ripozitori yake chama kisikwame. Jina lake sasa liko kwenye kila mstari alioandika. Na maelezo yake yamerudi. Kumbe mstari mmoja wa riba, ambao siku zote niliuona wa ajabu, aliuandika kwa ajili ya mikopo inayochukuliwa tarehe 31. Mimi nilikuwa karibu kuufuta.

Usiku wangu ule sikuufuta kwenye historia, ingawa Git ingeniruhusu. Uko palepale, na jina langu na saa yake.

Nafasi ya mafunzo ilishakwenda kwa mtu mwingine. Nilimpelekea kiungo, akafungua, akakaa kimya kidogo kwenye simu. Kisha akasema, "Sasa nimo." Nikasubiri aseme amenisamehe. Akaniuliza kama nimelisoma lile onyo.