Dakika Zisizoandikwa

Soma Kumbukumbu la Torati 24:14, 15 na Yakobo 5:1-6. Katika Yakobo 5:4, ni vilio vya nani vinavyotajwa?

Yakobo anataja vilio viwili. Wavunaji wanalia, na kilio chao kimefika kwa Bwana wa majeshi. Lakini kabla yao unalia ujira wenyewe, ule uliozuiliwa. Hata kibarua akinyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, fedha ambayo hakupewa inatoa ushahidi. Musa alikuwa ameagiza kwamba kibarua alipwe kabla jua halijazama, kwa sababu ni maskini na ameutegemea ujira huo. Chakula cha jioni nyumbani kwake kilikuwa mkononi mwa mtu mwingine.

Ujira unaweza kuzuiliwa bila mwajiri kuruka hata siku moja ya malipo. Inatosha azihesabu saa kwa namna inayomfaa. Katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Tyson Foods huko Storm Lake, jimbo la Iowa, Marekani, wafanyakazi wa kuchinja na kukata nyama walilipwa kwa saa. Saa hizo zilihesabiwa hasa kwa muda waliokuwa kwenye mstari wa kazi, mkanda wa kupitisha nyama ukiwa unatembea. Kuvaa vifaa vya kinga, kutembea hadi mahali pa kazi, kisha kuvivua na kuviosha, vilihesabiwa kando: wengine waliongezewa dakika 4 hadi 8 kwa siku, wengine hawakuongezewa kitu. Muda halisi wa kila mtu haukuandikwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inataka kila saa inayozidi 40 kwa juma ilipwe mara moja na nusu, na wengi walikuwa karibu na kikomo hicho au wamekwisha kukipita.

Wafanyakazi walishtaki mwaka 2007. Mtaalamu alitazama picha za video akapata wastani wa dakika 18 kwa siku katika idara ya kukata, na zaidi ya 21 katika idara ya kuchinja. Ukiondoa 4 kutoka 18, zinabaki 14. Kwa siku tano ni dakika 70. Kampuni ilipinga kwamba wastani hauthibitishi muda wa mtu mmoja mmoja. Ni hoja yenye uzito, ila aliyepaswa kuutunza muda huo katika maandishi ni kampuni yenyewe. Tarehe 22 Machi 2016, kwa kura 6 dhidi ya 2, Mahakama ya Juu iliiacha isimame hukumu ya takriban dola milioni 2.9 kwa wafanyakazi zaidi ya 3,000. Ilijengwa juu ya uamuzi wa mwaka 1946 kuhusu kiwanda cha vyombo vya udongo cha Mt. Clemens, Michigan: mwajiri asiyetunza kumbukumbu za saa hawezi kujificha nyuma ya kukosekana kwake.

Linganisha Mambo ya Walawi 19:13 na 19:35, 36. Sura ileile inayokataza kulala na ujira wa kibarua inakataza pia mizani na vipimo vya udanganyifu. Kitabu cha mahudhurio nacho ni kipimo.

Wenye viwanda ni wachache katika madarasa ya Shule ya Sabato. Wanaoketi humo ni wasimamizi wa zamu na makarani, na hao ndio wanaoshika kalamu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, na saa za ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu. Msimamizi anaweza kuandika kwamba zamu iliisha saa 10 jioni, na watu wametoka saa 12, kisha Ijumaa akawahi nyumbani kujiandaa kwa Sabato.

Soma Isaya 58:3, 6, 13. Sura inayoiita Sabato furaha inaanza na watu waliofunga huku wakiwakandamiza wafanyakazi wao. Mambo hayo mawili yana uhusiano gani?

Katika Yakobo 5:7, 8 ndugu wanaambiwa wavumilie. Wengine husoma hapo kwamba anayedhulumiwa asidai. Lakini Paulo, aliyevumilia mengi, aliwataka mahakimu wa Filipi waje wenyewe kumtoa gerezani (Matendo 16:37), na baadaye alikata rufaa kwa Kaisari (Matendo 25:11). Uvumilivu wa Yakobo unahusu kulipiza kisasi na kukata tamaa, wala haumzuii mtu kupeleka dai lake mbele ya wanaoweza kuamua.

Jadilini: Mshiriki ni karani wa mahudhurio kiwandani. Meneja amemwagiza afute saa za ziada za wenzake 40. Akikataa, huenda akapoteza kazi, na ana watoto shuleni. Mbali na kumwombea, darasa lenu lingefanya nini juma hilo?